Jiko Lililopinduliwa

Sogeeni hapa kivulini, wajukuu zangu. Na wewe uliyekuja mwisho, usikalie hiyo mbao, ina msumari.

Kazi yangu mnaijua. Nimechoma nyama hapa Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, tangu nikiwa na meno yote kinywani. Matatu zikisimama, abiria hushuka wakiufuata moshi kabla hawajauliza kilo ni pesa ngapi. Mtu akikaa mbele ya jiko miaka yote hiyo anaweza kuwa mjinga wa mambo mengi, lakini joto atalijua tu. Kwa hiyo mkiniuliza, "Guka, mbona sungura wa jirani alikufa juzi mchana na hakuwa mgonjwa?" sitaanza na sungura. Nitaanza na jiko.

Weka kiganja chako juu ya makaa, shubiri mbili hivi. Hugusi kitu. Hakuna ndimi za moto. Hata hivyo utauondoa mkono kabla hujahesabu kumi, kwa sababu makaa hutupa joto kama taa inavyotupa mwanga. Linasafiri tu mpaka likutane na kitu. Sasa lipindue jiko hilo akilini: makaa yawe juu, nyama iwe chini. Nyama itabaki mbichi? Thubutu! Joto la namna hiyo halijui juu wala chini.

Basi bati la banda, saa nane mchana, mwezi wa Februari, ni jiko lililopinduliwa. Anayekaa chini yake anachomwa polepole, na hakuna moshi wa kumwambia mwenye nyumba.

Hilo ndilo linalowapotosha watu wa huku. Tuko juu sana, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukikaa chini ya mgunga hata katikati ya kiangazi utapata upepo mzuri, na hewa yenyewe mara nyingi haifiki nyuzi 30. Mgeni kutoka joto la Lodwar akilala hapa usiku mmoja ataomba sweta. Ndipo watu husema, Kikopey hakuna joto la kuua sungura. Hewa haina, ni kweli. Bati linalo. Leo mchana ingieni mmoja mmoja kwenye lile banda la kuku la zamani, mnyooshe kiganja chini ya paa bila kuligusa, halafu mfanye vivyo hivyo kwenye banda la sungura lenye nyasi juu. Nitawangoja hapa mniambie.

Hayo sikuyajua siku zote. Miaka mingi iliyopita nilimletea binti yangu, ambaye sasa ni mama wa wawili kati yenu, sungura wa kijivu. Nikamjengea kizimba cha mbao, nikakiegemeza kwenye ukuta wa jikoni unaotazama magharibi, nikakifunika kwa kipande cha bati kilichobaki. Nilijiona fundi. Jua la asubuhi halikukigusa hata kidogo. Lakini kuanzia saa saba lilikuwa likipiga ukuta, likipiga bati, na ndani ya jikoni nyanya yenu naye anapika maharagwe. Siku moja nikarudi kutoka kazini saa kumi nikamkuta sungura amejinyoosha, kidevu kimelowa mate, mbavu zinapanda na kushuka kama mashine ya cherehani. Nikakimbia dukani, nikaomba ndoo ya maji ya barafu waliyokuwa wakipozea soda, nikammwagia yote. Alifia mikononi mwangu. Kwa muda mrefu nilidhani nilichelewa. Nilichelewa, ndiyo, lakini pia nilikosea, na kosa lenyewe nitawaeleza tukifika kwenye masikio.

Ndiyo maana Desemba iliyopita mjukuu wangu mmoja aliposhuka kwenye matatu kutoka Nakuru na boksi lenye matundu, na ndani mna sungura wawili, nilinyamaza kwanza. Yeye akadhani nanyamaza kwa sababu nyingine. "Guka, hawa si wa kuchoma," akaniambia, ametoa macho. Dume jeupe akaliita Ugali. Jike lenye mabaka meusi, mekundu na meupe akaliita Kachumbari. Mtoto wa Kikopey atawaita nini tena? Tangu siku hiyo kila mteja anayesikia majina hayo huuliza kama vinauzwa kwa sahani, na mimi hucheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sababu biashara ni adabu.

Ugali ni wa mbegu inayoitwa New Zealand White, mwenye manyoya meupe na macho mekundu. Msidanganywe na jina. Waliomzalisha ni Wamarekani. Kachumbari ni chotara, na sijui wazazi wake, wala yeye haonekani kujali.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hadithi za usiku zinapotuchanganya. Yule Sungura mjanja, anayemdanganya Fisi na kumpanda Simba mgongoni, si huyu wa kizimbani. Kiswahili kimewapa jina moja, lakini ni wanyama wawili. Yule wa hadithi ni wa hapa, wa nyasi na vichaka vya leleshwa. Hachimbi shimo. Mchana hulala chini ya kichaka, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho yamefunguka, tayari kuruka. Ilibidi wawe hivyo. Mnajua hii ardhi yetu zamani ilikuwa shamba la mifugo la mzungu, na nyani wake wakajulikana duniani? Kuanzia mwaka 1972 mtafiti Mmarekani, Shirley Strum, alikuwa akiwafuata na daftari mkononi. Nyani hao waliandikwa sana kwa sababu waliwinda: watoto wa swala tomi, na sungura wa porini. Baadaye watu walipogawiwa mashamba wakapanda mahindi, nyani wakaona wameandaliwa meza, na mwaka 1984 baadhi yao wakahamishiwa Laikipia. Kwa hiyo sungura wa hapa asiyekuwa na mbio alikuwa kitoweo.

Huyu wa kizimbani ni mgeni. Ukoo wake unatoka Hispania na nchi za jirani, na huko babu zake wanaishi chini ya ardhi, kwenye mashimo marefu yenye milango mingi. Watoto wake huzaliwa uchi kama vidole, vipofu kwa siku kumi hivi. Inasimuliwa kwamba Wafoinike, mabaharia wa kale, walipofika Hispania waliona wanyama wadogo wakiingia na kutoka mashimoni, wakadhani ni pimbi kama wale wa kwao, na wengine husema jina la Hispania limetokana na kosa hilo. Nikiwaona pimbi wetu wakiota jua juu ya mawe kule kwenye mteremko wa kuelekea Ziwa Elementaita, nawaelewa wale mabaharia.

Shimo ndilo siri yake ya kujiokoa. Chimba ardhi kivulini mpaka mkono uzame kiwiko, saa saba mchana, uone. Kule chini ni baridi kama mtungi. Sungura wa Hispania jua likikasirika hushuka ngazi moja, akalala. Sisi tumemchukua, tumempandisha juu ya miguu minne ya mbao, mita moja hewani, tukamfungia mlango, halafu tukamwekea jiko juu. Akipata joto atashuka wapi?

Amebakiwa na masikio.

Asubuhi jua likiwa bado la upole, mwombeni mjukuu wangu ambebe Ugali, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika matako, kamwe si kwa masikio. Simameni upande wa pili, jua likiwa nyuma ya sungura. Mtaona sikio limegeuka rangi ya waridi, na ndani yake mshipa mmoja mnene katikati, na mingine myembamba ikitawanyika hadi pembeni kama mito kwenye ramani ya shule. Hewa ikiwa baridi mishipa hiyo hujibana, na ukiligusa sikio litakuwa la baridi. Joto likija, hufunguka, damu inajaa, sikio linakuwa jekundu na la moto. Damu inapita pale kwenye ngozi nyembamba, inaachia joto hewani, inarudi mwilini imepoa. Ndovu naye hufanya hivyo kwa yale masikio yake yanayotosha kuezekea kibanda.

Sisi tunatoka jasho. Mbwa anatoa ulimi. Sungura hana jasho la kumfaa, na kuhema kwake hakumsaidii sana. Mwili wake mzima una nyuzi kati ya 38.5 na 40, na anapenda hewa ya nyuzi 15 hadi 20. Ikipita 30 anaanza kutaabika. Na fikirini: sikio linaweza kupoza damu ikiwa tu hewa ya nje ni baridi kuliko damu. Hewa chini ya bati ikishakaribia joto la damu yenyewe, ule mlango wa mwisho umefungwa.

Haya, banda. Nililijenga Januari, mjukuu akinishikia misumari na kunikosoa. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zinazotazama mashariki na magharibi. Hivyo jua likichomoza linakuta ukuta mfupi, likitua linakuta ukuta mfupi, na katikati ya mchana linakuta paa. Tuko karibu kabisa na ikweta, lakini Januari na Februari jua hupita upande wa kusini kidogo, kwa hiyo paa nililirefusha upande huo likaning'inia kama ukingo wa kofia. Upande wa magharibi ni mbao tupu. Kwingine kote ni wavu wa waya, upepo upite, maana mkojo wa sungura ukifungiwa mahali pa joto hutoa hewa kali inayochoma pua. Ukiinama mlangoni macho yakakuwasha, ujue sungura amekuwa akiivuta hewa hiyo usiku na mchana.

Paa lenyewe bado ni bati. Sina pesa ya vigae. Nimeweka fito juu yake, na juu ya fito nyasi kavu, unene wa shubiri moja, pakabaki nafasi ya hewa kati ya nyasi na bati. Nafasi hiyo ndiyo yenye kazi. Kipande ambacho nyasi hazikufika nilikipaka chokaa nene. Cheupe hulirudisha jua lilikotoka. Wazee husema jina la Kikopey ni la Kimaasai, maana yake mahali ambapo kijani hugeuka cheupe, na mkitazama ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi mtaona mantiki yake. Udongo ule ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyoishi kwenye ziwa la kale, kabla ziwa halijanywea likawa hili la Elementaita lenye heroe na mwari. Kijani kikafa kikawa cheupe. Mimi nimeongeza kipande cha bati tu.

Kabla ya kuchimba nguzo, tulifanya jambo moja ambalo nawaomba mlifanye nyumbani kwenu, halihitaji hata shilingi. Mtoto alichukua mawe matatu. Saa nne asubuhi akaweka la kwanza katikati ya kivuli cha mgunga. Saa saba akaweka la pili, saa tisa na nusu la tatu. Yalikuwa mbali mbali kiasi kwamba hakuamini ni kivuli kile kile. Banda likasimama pale ambapo kivuli kinakuwepo kuanzia saa sita hadi saa kumi, basi. Kivuli cha asubuhi ni cha starehe tu. Hicho cha mchana ndicho cha uhai.

Na bado, kivuli ndicho kilichotutia matatani. Mwanzoni mwa Februari, Jumamosi, mjukuu alikuwa anasafisha kizimba. Akamtoa Ugali, akamweka kwenye lile boksi la matatu, chini ya mti, kivulini kabisa. Akaitwa kunywa chai. Chai ikawa na mandazi, mandazi yakawa na binamu zake. Aliporudi, kivuli kilikuwa kimehama na Ugali hakuhama.

Nilisikia kilio nikaacha nyama ya watu jikoni. Ugali alikuwa amelala ubavu, masikio mekundu, pua imepanuka, mdomo umelowa. Sungura mwenye afya hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Huyu nilishindwa kuhesabu. Mtoto alikuwa ameshakimbilia ndoo ya barafu dukani, na mimi nikamwona anarudi nayo mbio, nikajiona mimi mwenyewe miaka ile. Nikamshika mkono.

Kwa nini? Rudini kwenye mishipa ya sikio. Joto limeifungua yote, damu inatoa moto kwa nguvu zake zote. Ukimwaga barafu, mishipa inashtuka, inajibana. Umefunga mlango moto ukiwa ndani. Na moyo uliokuwa mbioni unapata mshtuko juu ya taabu. Hilo ndilo kosa nililomfanyia yule wa kijivu.

Tulimpeleka Ugali upande wa nyuma wa nyumba, kwenye sakafu ya saruji yenye kivuli. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, ya ubaridi wa kawaida tu, nikaanza kuyapangusa masikio, nje na ndani kwa juu juu, bila kuyaacha maji yaingie kwenye tundu. Halafu nyayo. Mjukuu nikampa ule upepeo wangu wa kupulizia makaa, nikamwambia apepee taratibu. Alitaka kumnywesha kwa kijiko, nikamkataza, kwa sababu mnyama asiyejiweza maji yatamwingia mapafuni. Tukayaweka kwenye bakuli mbele ya pua, akitaka atakunywa. Nyanya yenu akampigia simu daktari wa mifugo, akaja kwa pikipiki kutoka Gilgil, akampima, akamdunga maji ya dawa chini ya ngozi. Akasema jambo moja ambalo sikulijua: hatari haiishi sungura akisimama. Tumbo la sungura halitakiwi kulala. Halitapiki, halipumziki, likisimama kusaga hujaa hewa, na asipokula kwa nusu siku tu ni wa kurudishwa kwa daktari. Kwa hiyo tulikaa tukimsikiliza. Saa tatu usiku tukasikia meno yakitafuna nyasi, kru kru kru. Ni sauti ndogo sana. Mjukuu alilia tena.

Nyama niliyoiacha jikoni iliungua, na mteja sikumdai.

Baada ya hapo tukawa wakali. Maji kwanza. Hapa kwetu maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, na wengi huona uchungu kumpa sungura. Lakini sungura wa kilo tatu anaweza kunywa hadi karibu nusu lita kwa siku, na jike anayenyonyesha hunywa zaidi ya hapo. Asipokunywa hali, na asipokula mnajua tumbo litafanya nini. Bakuli ni la udongo, zito, halipinduki wala halishiki moto kama sufuria. Maji yakiwa vuguvugu hayagusi, kwa hiyo hubadilishwa asubuhi, saa sita, na saa tisa. Mtoto mmoja aliniuliza kama tunaweza kuchota ziwani bure. Lile ni ziwa la magadi, mwanangu, waachieni heroe. Hata maji ya visima vyetu yana floridi nyingi, ndiyo maana wengi wetu tuna meno ya rangi ya chai. Ya mvua tukiyapata huwa tunayawekea sungura. Nyanya yenu husema nawapendelea.

Pili, gunia. Tunachovya gunia la katani kwenye maji, tunalikamua, tunalitundika upande upepo unakotokea, nje ya waya. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unaingia ndani umepoa, kama unavyosikia baridi ukitoka kuoga. Maji yanapokauka huondoka na joto. Hii inafanya kazi hapa kwa sababu hewa yetu ya kiangazi ni kavu, inakunywa maji kwa pupa. Binamu zenu wa Mombasa wasijaribu kuitegemea. Hewa ya pwani imeshiba maji tayari, gunia litabaki bichi kutwa na sungura atabaki na joto lake. Wao wategemee upepo na kivuli. Na hata hapa, lowesheni gunia, msiloweshe sakafu. Sakafu yenye majimaji na kinyesi ndiyo inayoleta ule ugonjwa wa matumbo kuvimba na kuhara, unaomaliza watoto wa sungura kizimba kizima.

Tatu ni chupa, na hii ni ya mjukuu mwenyewe. Chupa za plastiki za soda huzijaza maji, anazipeleka kwenye friza ya dukani, na humlipa mwenye duka kwa kumfagilia ukumbi. Saa sita anachukua moja iliyoganda, anaivika soksi kuukuu, anailaza kizimbani. Ugali huiegemea kama mzee na mto wake. Kachumbari aliikojolea siku ya kwanza, kisha akaizoea.

Chakula nacho kina saa zake. Kusaga chakula huzalisha joto tumboni, kwa hiyo mchana wana nyasi kavu chache za kutafunia tu, na mlo mkubwa ni jioni jua likitua, wakiumalizia alfajiri. Nyasi ndizo ugali wao. Kishona nguo, ile inayoganda kwenye soksi zenu, wanaipenda kuliko sukuma wiki, mchunga pia. Majani ya parachichi kamwe, ni sumu kwao, wala ya nyanya wala ya viazi mbatata. Nyasi mlizorundika kwenye gunia zikaanza kutoa mvuke msiwape, zitawavimbisha. Na mkiwaona alfajiri wamejikunja wanakula kitu kutoka chini ya mkia wao, acheni kupiga kelele. Ni kinyesi laini, cha kwanza, bado kina lishe. Ng'ombe hucheua, sungura hufanya hivyo. Zile punje kavu ndizo za bustani.

Lakini chini ya mkia pachunguzwe kila siku msimu huu. Manyoya yakichafuka nzi hutaga hapo, na kwa siku moja tu mayai yanaweza kuwa funza wanaoingia kwenye nyama. Nimeliona kwa wengine, sitawasimulia zaidi, wengine wenu hamjala.

Ugali tulimtenga na mkewe, na si kwa ugomvi. Dume likipigwa na joto mbegu zake huharibika, na huchukua kama miezi miwili kurudi sawa. Lakini walikuwa wameshakutana mwishoni mwa Januari, na mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Mwisho wa Februari, siku yenye jua la kupasua mawe, Kachumbari akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua na kuyabeba mdomoni. Alikuwa anawaandalia watoto shimo la Hispania. Mahali pa baridi manyoya hayo yote yangehitajika. Hapa, mchana, yangewapika. Tulimpa sanduku lenye sakafu yenye matundu, tukaliweka pembe iliyo mbali na magharibi. Alipozaa, nikapunguza manyoya kidogo kwa mchana, mjukuu akayarudisha jioni, maana Kikopey usiku unakata mifupa. Watoto wakilala wamekumbatiana ni baridi. Wakitawanyika, kila mmoja pembe yake, ni joto. Wanasema wenyewe.

Walikuwa sita. Siku nzima Kachumbari hakuingia ndani ya lile sanduku hata mara moja, na mjukuu akaja kwangu amekasirika, akisema ni mama mbaya. Nikamweleza kwamba sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku kwa kawaida, dakika chache, gizani, kisha huondoka ili adui asijue watoto walipo. Hakuniamini. Akaleta blanketi, na binamu zake wakaleta zao, wakajipanga ukutani na tochi moja waliyokatazwa kuiwasha. Upepo wa usiku ulianza kushuka kutoka upande wa milima ya Mau, bati likawa linalia tik, tik, likipoa chini ya nyasi zake. Saa nne wawili walikuwa wamelala. Saa tano walibaki macho na mdomo wa mjukuu tu, ukiniuliza kama ni sasa.

Ilikuwa karibu saa tisa za usiku Kachumbari aliposimama, akanyoosha masikio, akaruka ndani ya sanduku. Nilihesabu kimoyomoyo. Hazikufika dakika nne. Akatoka, akanywa maji kwa muda mrefu.

Wote walikuwa wanakoroma. Sikuwaamsha.